Ulaji wa kiasi katika makanisa ya Likasi na Tshangalele

Ulaji wa kiasi ni jumla ya kanuni, miiko na mazoea ya chakula, kinywaji na kufunga ambayo Wakristo huyashika kwa sababu ya imani yao. Makala hii inahusu desturi hiyo katika mji wa Likasi na kandokando ya ziwa Tshangalele, jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika eneo hilo desturi ilikua pamoja na kazi ya migodi, na mara nyingi mkazo wake umekuwa juu ya pombe, tumbaku na nyama najisi kuliko juu ya lishe.

Mahali

Likasi iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi. Zama za Wabelgiji iliitwa Jadotville. Mji ulikuzwa na shaba na kobalti, na kiwanda cha Shituru, kilichoanza kazi 1929, ndicho kilichoupa sifa. Umeme ulitoka Mwadingusha, kwenye maporomoko ya mto Lufira yaliyoitwa Cornet, ambako mitambo ilianza kuzalisha 1930. Maji yaliyozuiwa na bwawa la Mwadingusha yalienea juu ya tambarare, na ndiyo ziwa Tshangalele: pana, la kina kifupi, lenye matete na samaki wengi. UNESCO ilitangaza hifadhi ya bayongahewa ya Lufira 1982, na bonde la mto huo likaingia kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu 2017.

Msingi katika Maandiko

Walimu wa madhehebu yote hurejea vifungu vichache vilevile. Danieli sura ya 1 inasimulia vijana wa Yuda waliokataa chakula na divai ya mfalme wa Babeli, wakajaribiwa kwa mboga na maji siku 10. Walawi sura ya 11 inatenga wanyama safi na najisi. Kwa viumbe vya majini, kipimo ni mapezi na magamba. Paulo katika 1 Wakorintho anautaja mwili kuwa hekalu la Roho Mtakatifu, na katika Wagalatia anakihesabu kiasi miongoni mwa matunda ya Roho. Upande wa pili hutajwa maono ya Petro katika Matendo sura ya 10 na shauri la Warumi sura ya 14, ambalo linawazuia ndugu kuhukumiana kwa sababu ya chakula. Ndiyo maana majirani wawili wanaosoma Biblia moja huweza kutofautiana juu ya samaki mmoja.

Historia

Mmisionari Mprotestanti wa kwanza Katanga, Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri 1886. Kwa upande wa Wakatoliki, Katanga iliwekwa mikononi mwa Wabenediktini 1910 chini ya Jean-Félix de Hemptinne. Katika miaka hiyohiyo ya 1910 John McKendree Springer na mkewe Helen walieneza Umethodisti katika ukanda wa migodi, na kituo cha Mulungwishi, karibu na Likasi, kikawa mahali pa kuwafundisha wachungaji na walimu.

Chakula cha kampuni

Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Mwanzoni iliajiri vijana kutoka mbali kwa miezi michache. Maradhi na lishe mbovu viliwaua wengi, na kila msimu ilibidi kutafuta wengine. Kuanzia 1928 kampuni ilishika njia nyingine: mikataba ya miaka 3, nyumba za familia, shule na hospitali kambini. Daktari Léopold Mottoulle, aliyekuwa kiongozi wa siasa hiyo, aliona kwamba mfanyakazi aliyeshiba na mwenye mke hatoroki na hachoki upesi.

Posho ya kila wiki ilikuwa na unga wa mahindi, maharagwe, mafuta ya mawese, chumvi, na nyama au samaki mkavu. Watoto walilishwa kwenye kantini za kampuni, kwa kuwa wakubwa walihofia kwamba baba angeuza posho au kuwagawia wageni. Masista walifundisha wake za wafanyakazi upishi, usafi, ushonaji na malezi katika nyumba za jamii zilizoitwa foyers sociaux. Katika mpango huo kampuni ilipima unga na kanisa lilifundisha nidhamu ya kuula. Familia yenyewe ilibaki na uamuzi mdogo. Adui aliyetajwa zaidi na wote wawili alikuwa pombe ya kienyeji, hasa lutuku. Bia ya kiwanda ilivumiliwa zaidi, na ilipikwa humohumo Katanga.

Baada ya posho

Kampuni ilitaifishwa 1967 na baadaye ikaitwa Gécamines. Iliendelea kuwagawia wafanyakazi unga hadi ilipodhoofika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati uleule maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa majumbani mwao mjini Likasi na kukaa muda mrefu kwenye kituo cha reli wakingoja treni, wengi wakiwa na njaa na maradhi. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini katika mpango wa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia. Kaya nyingi zilihamia kwenye mashamba madogo, makaa, uchimbaji wa mikono na uvuvi. Tangu hapo mafundisho ya kiasi yamekuwa yakisikilizwa na watu ambao wengi wao hula mlo mmoja au miwili kwa siku.

Kanuni za madhehebu

Wakatoliki

Wakatoliki hufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na huacha nyama siku hizo na Ijumaa za Kwaresima. Papa Paulo VI alilegeza masharti ya zamani kwa waraka Paenitemini wa 1966. Kwa Sheria ya Kanisa ya 1983, kuacha nyama kunawahusu waliotimiza miaka 14, na kufunga kunawahusu watu wazima hadi wanapoanza mwaka wa 60. Samaki wanaruhusiwa, jambo linalowafaa wakazi wa kando ya ziwa kuliko wafugaji. Kilichookolewa kwa kujinyima hutakiwa kwenda kwa maskini.

Wamethodisti

Kanuni za jumla alizoandika John Wesley 1743 zilikataza ulevi na biashara ya pombe kali. Wesley mwenyewe alifunga Jumatano na Ijumaa kwa miaka mingi, na 1747 alichapa kitabu cha tiba rahisi za nyumbani, Primitive Physick, chenye mashauri ya kula kidogo, kunywa maji na kutembea. Wamisionari wa Kimarekani waliofika Katanga walikuwa watoto wa kampeni za kupiga marufuku pombe nchini kwao, na walikuja na msimamo huo. Katika Umethodisti wa Katanga, kuacha pombe na sigara kulikuwa alama ya mwongofu. Hakuna nyama iliyokatazwa.

Waadventista Wasabato

Hili ndilo kanisa lenye mafundisho mapana zaidi juu ya chakula. Waadventista waliingia Katanga kupitia kituo cha Songa, kilichofunguliwa 1921 karibu na Kamina, leo jimbo la Haut-Lomami. Hospitali na makazi ya wenye ukoma yalifuata, na Songa ikawa kielelezo cha msemo wao kwamba mkono wa tiba hufungua mlango wa injili.

Chimbuko la mafundisho ni Ellen White, aliyepata maono ya afya huko Otsego, Michigan, Juni 1863, wiki chache baada ya kanisa kuundwa rasmi. Aliandika juu ya hewa safi, maji, mazoezi, pumziko, mwanga wa jua na ulaji wa mimea, na mengi kati ya hayo yamo katika The Ministry of Healing cha 1905. Taasisi ya afya ilifunguliwa Battle Creek 1866. Huko daktari John Harvey Kellogg na nduguye walibuni vyakula vya nafaka vya asubuhi. Waumini hufundishwa kanuni 8: lishe, mazoezi, maji, jua, kiasi, hewa, pumziko na kumtumaini Mungu.

Kiasi kwa Waadventista kina pande mbili: kuacha kabisa kilicho kibaya, na kutumia kwa kadiri kilicho chema. Pombe, tumbaku na dawa za kulevya vimo katika upande wa kwanza. Waumini hushauriwa kuacha kahawa na chai vilevile, ingawa si wote wanaotii. Kula mimea tupu kunahimizwa bila kulazimishwa, lakini nyama najisi za Walawi 11 haziliwi. Ziwani Tshangalele sheria hiyo inagawa neti ya mvuvi pande mbili: perege, mwenye magamba, ni halali; kambale, asiye na magamba, ni najisi. Kwa mvuvi Mwadventista hilo ni suala la mapato pia, kwa sababu kambale hustahimili maji machache, hukaushwa vizuri kwa moshi na hupata wateja.

Faida za mafundisho haya zimechunguzwa sana mbali na Kongo. Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, kimewafuatilia Waadventista tangu 1958. Matokeo ya 2001 yalionyesha kuwa wanaume Waadventista wa California waliishi miaka 7.3 zaidi ya wanaume wengine weupe wa jimbo hilo, na wanawake miaka 4.4. Uchunguzi wa pili, ulioanza 2002, uliandikisha watu 96,000 hivi wa Marekani na Kanada. Ripoti yake ya 2013 ilikuta vifo vichache zaidi kwa asilimia 12 miongoni mwa wasiokula nyama, na kwa asilimia 19 miongoni mwa waliokula samaki bila nyama nyingine. Watafiti wenyewe hutahadharisha kwamba Waadventista hawavuti sigara, wengi wamesoma na wana jamaa wa kanisani wa kuwategemeza, hivyo chakula peke yake hakielezi yote.

Wakimbangu

Simon Kimbangu alifungwa miaka 30 na kufia Elisabethville, leo Lubumbashi, tarehe 12 Oktoba 1951. Kanisa lake lilitambuliwa na serikali 1959. Waumini hawanywi pombe, hawavuti tumbaku, hawali nguruwe wala nyani.

Mitume wa Maranke

Wafuasi wa Johane Maranke, aliyeanza kuhubiri Rhodesia ya Kusini 1932, walifika Kongo katika miaka ya 1950. Wanakataa nguruwe, pombe na tumbaku, na wengi wao hukataa pia dawa za hospitali.

Makanisa ya uamsho

Makanisa haya hupendelea kufunga kwa siku nyingi na mikesha. Wapo wanaofunga kavu, yaani bila hata maji.

Vyakula

Mlo wa kila siku ni bukari (ugali) la mahindi, la muhogo au la mchanganyiko, pamoja na sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), maharagwe au samaki. Nyama ya ng'ombe ni ya siku za mshahara na sikukuu. Munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, huleta ubishi: kikiwa kichanga ni kitamu na hakileweshi, kikikaa huchacha. Makanisa mengi hukiruhusu kikiwa kichanga. Mtu wa kawaida wa Likasi, kwa hiyo, tayari hula mimea kwa sehemu kubwa; tatizo lake ni uhaba wa protini na mafuta kuliko wingi wa nyama ambao wanamageuzi wa Michigan waliupinga. Katika miaka ya karibuni soda, mafuta ya kukaangia, sukari na mchuzi wa vidonge vimeongezeka, na wahubiri wa afya wameanza kuvitaja pamoja na pombe.

Metali katika chakula

Mito midogo inayopita penye viwanda vya Likasi, ukiwemo Panda, humwaga maji yake Lufira, na Lufira huingia Tshangalele. Utafiti wa wataalamu wa Lubumbashi na Leuven uliochapishwa 2009 ulipima mkojo wa watu 351 wa Katanga. Wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini walikutwa na kobalti kwa viwango vya juu kuliko vilivyowahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote. Risasi, kadimiamu na urani zilikuwa juu pia. Utafiti uliofuata, wa 2014, ulionyesha kuwa kwa watu wazima kobalti huingia hasa kwa chakula, na kwa watoto vumbi nalo lina sehemu kubwa. Mwaka 2016 jarida Science of the Total Environment lilichapisha vipimo vya samaki wa Tshangalele wenyewe, vikiwa na onyo juu ya afya ya wanaowala mara kwa mara.

Matokeo haya yanagusa moja kwa moja mafundisho ya kiasi. Vyakula vinavyosifiwa na wahubiri wa afya, yaani mboga za majani na samaki, ndivyo vinavyobeba metali vikitoka penye udongo na maji machafu. Perege halali na kambale najisi huogelea katika maji yale yale. Mwenye nidhamu kamili anaweza kukataa lutuku maisha yake yote na bado akala kobalti kila siku, kwa kuwa uamuzi juu ya maji ya Lufira hupitishwa kwenye ofisi za makampuni na za serikali. Ushauri unaotekelezeka nyumbani ni wa kawaida: kuosha mboga kwa maji safi, kufagia vumbi kwa kulowesha, kutolima bustani jirani na mabaki ya madini, na kubadilisha mahali pa kununulia samaki na mboga.

Ukosoaji

Wakosoaji wana hoja tatu. Kwanza, kufunga kavu ni hatari kwa wajawazito, wenye kisukari, wanaonyonyesha na wanaotumia dawa za kila siku. Wakatoliki na Waadventista wanawasamehe wagonjwa, makanisa mengine huacha uamuzi kwa mchungaji. Pili, kuita ugonjwa tunda la kukosa kiasi humwangushia lawama mtu ambaye hakuchagua kuishi karibu na kiwanda. Tatu, mzigo wa kushika kanuni humwangukia mama, anayepika, huku fedha za soko zikishikwa na baba. Watetezi hujibu kwamba kuacha pombe kumerudisha mshahara nyumbani katika familia nyingi, na kwamba faida hiyo huonekana mezani mapema kuliko ya lishe yoyote.

Hali ya sasa

Madhehebu yaliyotajwa hapo juu yote yana waumini jimboni. Waadventista hufanya semina za afya. Wamethodisti wana chuo kikuu Mulungwishi. Wakatoliki huendesha kampeni ya Kwaresima kila mwaka. Mitambo ya Mwadingusha imekarabatiwa, na samaki wa Tshangalele wanaendelea kuuzwa katika masoko ya Likasi.