Kasiba, Mtambo na Mdeki: Msamiati wa Fundi wa Bunduki

Katika karne ya 19 bunduki nyingi zilipita Pangani na Tanga kuelekea bara. Semboja wa Mazinde alijipatia nguvu kwa silaha za njia hiyo, na mwaka 1888 wafuasi wa Abushiri walizielekeza kwa Wajerumani. Lakini silaha ya kigeni haidumu pasipo fundi. Kitako kikipasuka au mtambo ukilegea, mwenyewe hana budi kumwendea fundi, na kila kinachotajwa baina yao sharti kiwe na jina.

Ndivyo Kiswahili kilivyopata kasiba, yaani mtutu, neno lenye asili ya Kiarabu. Mdeki wa kushindilia baruti. Fataki ya kuwashia. Na kiasi, yaani baruti na risasi za mlio mmoja. Bastola nayo, ingawa jina lake limetoka Ulaya, ina mtutu na mtambo wake.

Siku hizi mfasiri apewapo maelezo ya bastola iliyoundwa na fundi kwa kipimo cha mkono wa mwenyewe, hukimbilia "bareli" na "triga". Twaona kosa hilo si la ufasaha tu. Mpigaji asiyeelewa maelezo ya kutoa risasi iliyobaki ndani aweza kumwua jirani yake.

Kweli, bastola ina viungo ambavyo gobori halikuwa navyo, na hivyo vyahitaji istilahi mpya. Hata hivyo, kabla ya kubuni, twapaswa kwanza kumwuliza fundi.