Jinsi ya kuzuia helmeti ya manila na rezini isipinde

MTU anayetaka kuvaa kama shujaa wa filamu au wa mchezo wa kompyuta hahitaji chuma wala kiwanda. Karatasi ya manila, gundi, rezini ya poliesta na kitambaa cha nyuzi za kioo, maarufu kama faibaglasi, vyatosha kumtengenezea helmeti ngumu ya kuvaliwa jukwaani.

Hata hivyo, kazi ya majuma mawili yaweza kuharibika kwa saa moja. Helmeti iliyokuwa imesimama sawasawa hubonyea ubavuni, kidevu kikaenda upande, na ikishagandia hivyo ni vigumu mno kuirejesha.

Ufundi huu ulivuma katika miaka ya 2000 kupitia programu ya Pepakura Designer, iliyoundwa na kampuni ya Tama Software ya Japani. Pepakura ni neno la Kijapani lenye maana ya sanaa ya karatasi. Programu hiyo hulikunjua umbo lililochorwa kwenye kompyuta likawa vipande bapa vya kuchapishwa, kukatwa na kugundishwa.

Miongoni mwa waliouvumisha ni mashabiki wa mchezo wa Halo, uliotolewa mwaka wa 2001, ambao walijiundia helmeti ya mhusika wake mkuu, Master Chief.

Kupinda huko kuna sababu mbili kuu. Kwanza, rezini ikiwa bado majimaji hupenya katikati ya nyuzi za karatasi, nayo karatasi hulegea na kuwa nzito. Umbo lililojishikilia lenyewe likiwa kavu sasa hulemewa na uzito wake.

Pili, rezini ya poliesta hunywea inapoganda, kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 8 ya ujazo wake. Upande uliopakwa nyingi huvuta kuliko ule uliopakwa kidogo, na helmeti hufuata mvuto huo.

Kwa hivyo kinga huanza kabla ya mkebe wa rezini kufunguliwa. Manila yenye uzito wa gramu 200 hivi kwa kila mita mraba hufaa, kwa kuwa karatasi nyepesi hulegea upesi. Iwekwe mahali pakavu, hasa katika maeneo ya pwani, kwani karatasi hufyonza unyevu wa hewani na kuanza kujikunja.

Gundi nayo itumiwe kwa uangalifu. Ile nyeupe ya maji ikipakwa kwa wingi hulowesha kingo, hivyo yafaa ipakwe nyembamba na kuachwa ikauke kabisa. Kila mshono uwe umefungika, kwa maana ulio wazi hufunguka zaidi unapolowa.

Helmeti ikishaungwa, fundi apime upana wa shingo, nafasi ya uso na umbali kutoka sikio hadi sikio, kisha aandike vipimo hivyo. Baadaye agundishe miega ya manila iliyokunjwa mara kadhaa, au vijiti vyepesi, kutoka upande mmoja wa tundu la shingo hadi wa pili. Miega mingine iwekwe kwenye tundu la uso na popote penye ubapa mpana.

Helmeti isiketishwe kwa kingo zake. Itegemezwe kutoka ndani, kwa mfano juu ya chupa au ndoo ndogo iliyofunikwa kwa plastiki, ili uzito usambae.

Rezini ichanganywe kidogo kidogo. Kwa kawaida dawa ya kugandisha huwa asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 1 au 2 kwa gramu 100 za rezini, lakini maagizo ya mtengenezaji ndiyo ya kufuatwa. Kuongeza dawa ili kazi iishe haraka huzidisha joto na kuivuta karatasi ovyo.

Mpako wa kwanza uwe wa nje na mwembamba, bila rezini kutuama mahali popote. Samaki mkunje angali mbichi, kwa hivyo vipimo vikaguliwe tena kabla rezini haijashika. Helmeti ikauke kivulini, kwa kuwa juani upande mmoja hupata joto na kuganda mbele ya mwingine.

Baada ya mpako wa nje kukauka kabisa, vipande vidogo vya faibaglasi huwekwa ndani kwa rezini, tabaka moja kwa wakati, kulia na kushoto kwa kiasi sawa. Miega isiondolewe mpaka sehemu zinazoizunguka zimekuwa ngumu.

Iwapo helmeti imepinda licha ya hayo yote, dawa ni kuikata kwenye mshono, kuinyoosha, kisha kuiunga upya kwa faibaglasi kutoka ndani. Mashimo madogo hujazwa puti ya magari na kupigwa msasa. Puti haiwezi kunyoosha umbo lililokwenda upande. Huongeza uzito tu.

Fauka ya hayo, kazi hii ina hatari zake. Rezini hutoa mvuke wa stairini unaodhuru, hivyo ifanyiwe nje au penye hewa ya kutosha, mbali na moto, huku fundi amevaa glavu, miwani ya kujikinga na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo. Dawa ya kugandisha ikiingia jichoni yaweza kupofusha. Jicho lioshwe papo hapo kwa maji mengi kwa muda usiopungua dakika 15, na mhusika apelekwe hospitalini.

Mwisho, helmeti ya aina hii ni pambo tu, hata ikiwa ngumu kiasi gani. Haikutengenezwa kukinga kichwa katika ajali, na kamwe haifai kuvaliwa kwenye bodaboda.