Safu ya Lugha: Amfora
Neno amfora, lililotoka Kigiriki kupitia Kilatini likiwa na maana ya chombo kinachobebwa pande mbili, limeanza kutumiwa ovyo kwa kila mtungi wa kale wa Kirumi, na matumizi hayo hayafai. Amfora ni chombo cha udongo chenye vishikio viwili na shingo nyembamba, kilichofinyangwa hasa kwa ajili ya kusafirishia divai, mafuta ya zeituni au mchuzi wa samaki. Chombo kikubwa kisichohamishwa, ambacho aghalabu Warumi walikifukia ardhini hadi shingoni, kiliitwa dolio, nacho kwa Kiswahili kinakaribiana zaidi na kasiki. Tena yafaa aina itajwe, kwa kuwa tangu mwanaakiolojia Heinrich Dressel achapishe jedwali lake la maumbo ya amfora mwaka 1899, wataalamu huitambua amfora kwa mdomo, vishikio, kitako na udongo wake. Kwa mfano, Dressel 20, yaani umbo la 20 katika jedwali hilo, iliyotoka Baetica, kusini mwa Hispania, ni nene na ya mviringo, ina uzito wa kilo 30 hivi ikiwa tupu na hubeba takriban kilo 70 za mafuta. Nyingi zina muhuri kwenye kishikio, na ubavuni maandishi ya wino yanayotaja uzito na jina la mfanyabiashara.