Mali ya Nani? Michoro ya Nguo Ufuoni mwa Ziwa Mweru

Mwanafunzi wa Kiswahili akifika Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, hapati taabu kuitambua nguo inayovaliwa na akina mama. Wenyeji wasemao Kibemba huiita chitenge. Ng'ambo ya Ziwa Mweru, Waswahili wa Katanga huiita kitenge. Majina ni ndugu. Lakini je, michoro yake ni mali ya nani? Tumeonelea tulijadili swali hili kwa kuwa limerudi kwa nguvu katika zama za akili unde.

Katika karne ya 19, misafara ya Waarabu na Waswahili ilileta nguo huku na kuondoka na pembe za ndovu, shaba na watumwa. David Livingstone alipoliona ziwa hili Novemba 1867, alikuwa amekwisha kusafiri pamoja na wafanyabiashara hao. Nguo yao mashuhuri iliitwa merikani, kwani asili yake ilikuwa Marekani. Jina lenyewe lilitaja chimbuko. Huko Mombasa nako, kanga za Kaderdina Hajee Essak zilipata sifa kwa alama iliyochapwa pambizoni: "Mali ya Abdulla". Mnunuzi alijua mwenyewe ni nani.

Kitenge kina historia nyingine. Viwanda vya Uholanzi, kikiwemo kile kilichoanzishwa Helmond mwaka 1846 na ambacho leo ni Vlisco, viliiga kwa mashine batiki za Java. Nguo hizo zikapata soko Afrika, na leo ni wachache wanaowakumbuka mafundi wa Java.

Programu za kuchora za akili unde, zilizoenea tangu mwaka 2022, zimeongeza kasi ya usahaulifu huo. Zimefunzwa kwa mabilioni ya picha zilizokusanywa kutoka intaneti, na zinapotoa mchoro hazisemi umetokana na kazi za nani. Sheria pekee haitoshi. Sheria ya hakimiliki ya Zambia ya mwaka 1994 humlinda mtunzi maishani mwake na miaka 50 baada ya kifo, ila hulinda kazi yenyewe, si mtindo. Nakshi za jadi hazina mtunzi mmoja. Ndiyo maana mwaka 2016 Zambia ilitunga sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayodai ridhaa ya jamii husika na mgawanyo wa faida.

Hivyo basi, tunawausia wabunifu, wakiwemo wanafunzi wetu wanaosanifu majalada na mabango: ulizeni kwanza, tajeni chimbuko, na mkiuza, mgawane na mliowaazima. Mkitumia mashine, semeni hivyo. Kuazima si kosa. Kiswahili chenyewe kimeazima mengi, nasi darasani hutaja kila neno lilikotoka. Michoro nayo inastahili heshima hiyohiyo. Wahenga walikwisha kutuonya kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Isiyotajwa mwenyewe huwaacha uchi wawili, aliyeazima na aliyeazimwa.