Seli shina na ugonjwa wa MS: mbegu haiui magugu

Leo ni Alhamisi, nimetoka zamu ya usiku, nimelala, nimeamka, chai iko mezani. Tuendelee na zile historia zetu za tiba. Kwa wageni: mimi ni muuguzi wa diploma, kazi yangu ni wodini. Sio daktari bingwa. Naandika nilichosoma na nilichoona kwa macho yangu.

Leo naanza na deni.

Miaka michache iliyopita tulikuwa na mgonjwa, mwalimu wa shule ya msingi, dada wa miaka thelathini na kitu. Alianza kwa jicho moja kufifia, likarudi lenyewe. Baadaye miguu ikawa mizito, ikapona kidogo, halafu ikazidi. Alizunguka sana: dawa za macho, dawa za mgongo, maombi, waganga. Mwishowe kipimo cha MRI kikaonyesha mabaka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Daktari akasema ni maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS.

Siku ya kuruhusiwa, kaka yake akanifuata koridoni na vipakti vya unga mkononi. "Sista, wanasema hizi ni seli shina, zinaponya MS kabisa, Wazungu ndio wanazotumia. Ni kweli?"

Nilikuwa nimewahi kusikia kwamba huko nje kuna wagonjwa wa MS waliotibiwa kwa seli shina wakainuka. Nikamjibu, "Hata mimi nimesikia, kaka. Jaribuni, haidhuru."

Waliuza pikipiki. Ndiyo iliyokuwa inaleta hela ya kula nyumbani. Unga ukatumika miezi minne, na dawa za hospitali zikawekwa kando kwa sababu muuzaji alisema "zinagongana". Yule dada alirudi wodini amebebwa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, kwa kuchelewa. Na nilichokuta ni kwamba nilichokisikia hakikuwa uongo. Kilikuwa nusu ya kweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye dawa. Twende taratibu.

1. Paris, 1868

Aliyeueleza ugonjwa huu vizuri hadi ukawa na jina lake kwenye vitabu ni daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, wa hospitali ya Salpêtrière. Aliwafuatilia wagonjwa wakiwa hai, na walipofariki akaangalia ubongo na uti wa mgongo. Akakuta mabaka magumu, kama makovu. Hiyo ilikuwa 1868.

Leo tunajua makovu yale yanatoka wapi. Mishipa ya fahamu imevikwa ganda linaloitwa mayelini, kama plastiki juu ya waya wa umeme. Kwenye MS, kinga ya mwili wa mtu mwenyewe inalishambulia ganda hilo. Fikiria sungusungu wa mtaa wameacha kukamata wezi, wanaingia usiku kumpiga mwenye nyumba. Ganda likiliwa, taarifa haifiki vizuri: jicho linafifia, mguu haunyanyuki, mkojo haushikiki.

Ugonjwa huu una watu karibu milioni 2.8 duniani, wengi wao kwenye nchi zilizo mbali na ikweta. Kwetu ni wachache, ndiyo maana mgonjwa wetu anazunguka miaka kabla mtu hajaufikiria.

Charcot aliujua ugonjwa, ila hakuwa na dawa ya kuuzuia. Dawa ya kwanza ya kupunguza mashambulizi, interferoni beta, ilikubaliwa Marekani mwaka 1993. Hesabu mwenyewe: miaka 125.

2. Wagonjwa 6 wa mwaka 1957

Sasa tuiache MS kidogo, twende kwenye saratani ya damu, maana tiba hii ilizaliwa huko.

Ndani ya mifupa kuna uloto, kiwanda cha damu. Daktari E. Donnall Thomas, akiwa Cooperstown, jimbo la New York, aliwaza hivi: kama kiwanda kimeharibika, kwa nini tusikiue chote kwa mionzi na dawa kali, halafu tukaweka kingine? Mwaka 1957 akachapisha habari za wagonjwa 6 aliowatilia uloto wa watu wengine kupitia mshipa. Wote 6 walifariki kabla ya siku 100.

Mimi nikisoma hivyo nawaza wauguzi wa wodi ile. Sita, mmoja baada ya mwingine. Wenzake wengi walikata tamaa na njia hiyo, yeye akaendelea, baadaye akahamia Seattle. Mke wake, Dottie, alifanya naye kazi miaka yote hiyo. Mwaka 1990 Thomas alipata tuzo ya Nobel, akigawana na Joseph Murray wa upandikizaji wa figo.

Huku nyuma, mwaka 1961, watafiti wawili wa Toronto, James Till na Ernest McCulloch, walikuwa wakiwatilia uloto panya waliopigwa mionzi. Wakaona vinundu kwenye bandama za panya wale. Walipofuatilia, ikaonekana kila kinundu kilitokana na seli moja tu iliyozaa nyingine. Hiyo ndiyo seli shina ya damu: seli mama, inayoweza kuzaa chembe nyekundu, nyeupe na sahani.

Shika hapo. Seli shina ya damu inazaa damu. Haijawahi kuonyeshwa kwamba inaziba ganda la mishipa ya fahamu lililoliwa.

3. Thessaloniki, 1995

Madaktari wa saratani wakaanza kuona jambo la ajabu. Mgonjwa mwenye saratani ya damu ambaye pia ana ugonjwa wa kinga kujishambulia, kwa mfano baridi yabisi, akishapandikizwa uloto, baridi yabisi nayo inatulia. Watafiti wa Uholanzi na Yerusalemu wakajaribu kwa panya waliotengenezewa ugonjwa unaofanana na MS. Wengi wao walipata nafuu.

Mwaka 1995, mji wa Thessaloniki, Ugiriki, Athanasios Fassas na wenzake wakaanza kwa binadamu wenye MS. Mwaka 1997 wakatoa taarifa ya wagonjwa 15 wa kwanza.

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo kaka yule alipohitaji nimweleze.

Kwanza mgonjwa anapewa dawa za kuzisukuma seli shina zitoke kwenye uloto ziingie kwenye damu. Mashine inaichuja damu, seli zinakusanywa na kugandishwa kwenye baridi kali. Ni seli zake mwenyewe, sio za mtu mwingine. Pili, analazwa na kupewa kemo kali kwa siku kadhaa, pamoja na dawa nyingine ya kuzimaliza chembe za kinga. Hapo ndipo sungusungu wabaya wanafagiliwa. Tatu, seli zake zinayeyushwa na kurudishwa kwa dripu. Mtu angetegemea kitu kikubwa siku hiyo, kumbe ni mfuko mdogo tu kama wa damu, na pumzi ya mgonjwa inanuka kama kitunguu saumu kwa sababu ya dawa ya kuhifadhia seli. Nne, kusubiri. Wiki mbili hivi mgonjwa hana kinga yoyote. Homa ndogo tu ni dharura.

Sasa nikuulize: katika hayo yote, kilichoupiga ugonjwa ni kipi?

Ni kemo. Seli shina zimekuja kuokoa, ili mgonjwa asife kwa kukosa damu na kinga. Ni kama shamba lililojaa magugu. Unaficha mbegu ghalani, unang'oa kila kitu, unalima hadi chini, ndipo unapanda tena. Mbegu inafanya shamba liote upya. Lakini mbegu haiui magugu. Anayeua magugu ni jembe, na jembe hilo ni kali kiasi cha kumuua na mkulima.

4. Bei yake

Na liliua kweli. Kwenye kumbukumbu za Ulaya, kati ya 1995 na 2000, karibu wagonjwa 7 kwa kila 100 wa MS waliopandikizwa walifariki kwa tiba yenyewe. Kumbuka MS haiui haraka kama saratani ya damu. Kumpa mtu anayetembea kwa fimbo tiba inayoweza kumuua mwezi huu ni uamuzi mzito.

Kati ya 2001 na 2007 ikashuka hadi kama 1 kwa 100. Dawa zilichaguliwa vizuri zaidi, wodi zikapata uzoefu, na madaktari wakajifunza nani wa kumpa. Wale wa mwanzo wengi walikuwa na MS iliyokwisha kukomaa, ganda limeliwa, waya zenyewe zimekatika. Kuwafukuza wezi wakati nyumba imeshaungua hakurudishi nyumba. Walionufaika zaidi ni vijana, ugonjwa bado unawaka, unakuja na kuondoka, na dawa za kawaida zimeshindwa.

Huko Ottawa, Kanada, Mark Freedman na Harold Atkins walianza mwaka 2000 kwa kutumia kemo kali sana. Mwanzoni walitegemea MS itarudi, ili wauone ugonjwa unavyoanza kutoka sifuri. Mwaka 2016 wakatoa matokeo ya wagonjwa 24. Mmoja alifariki kwa madhara ya tiba. Waliobaki 23, hakuna aliyepata shambulio jipya, na MRI zao hazikuonyesha baka jipya. Hata hivyo, wapo ambao ulemavu wao uliendelea kuongezeka polepole. Hata jembe kali namna hiyo halikumaliza kila kitu.

Halafu 2019 ikaja kazi ya Richard Burt wa Chicago pamoja na vituo vya Sheffield, Uppsala na São Paulo. Wagonjwa 110, kwa bahati nasibu nusu wakapandikizwa, nusu wakaendelea na dawa. Kemo yake ilikuwa nyepesi kidogo kuliko ya Ottawa. Walipofuatiliwa, ulemavu uliongezeka kwa watu 3 waliopandikizwa, na kwa watu 34 waliobaki kwenye dawa. Hakuna aliyekufa. Mwaka huohuo chama cha wataalamu wa upandikizaji cha Marekani kikatamka kwamba hii ni tiba inayokubalika kwa MS inayokuja na kuondoka, pale dawa zinaposhindwa.

Ila tuseme yote. Wagonjwa walijua wako kundi gani. Na baadhi ya dawa mpya zenye nguvu, kama okrelizumabu iliyokubaliwa Marekani 2017, hazikuwemo kwenye ulinganisho. Ndiyo maana Marekani, Uingereza na Norwei zimeanzisha tafiti nyingine za kulinganisha upandikizaji na dawa bora kabisa.

5. Mbegu bila jembe

Utasema: sawa sista, lakini labda seli zenyewe nazo zina nguvu fulani?

Limepimwa hilo. Watafiti wa nchi 9 waliwachukua wagonjwa 144 wa MS na kuwapa kwa mshipa seli shina za aina nyingine zinazotoka kwenye uloto, bila kemo. Matokeo yalitoka 2021. Mabaka mapya kwenye MRI hayakupungua kuliko kwa waliopewa maji matupu. Na hizo zilikuwa seli hai, zimeandaliwa maabara, zimeingia kwenye damu.

Sasa linganisha na kile kipakti. Unga uliokauka, wengine wanasema ni seli za tufaha, unakoroga kwenye maji unameza. Tumbo linausaga kama linavyosaga maharage. Hakuna seli ya tufaha itakayotembea hadi kwenye ubongo wako. Muuzaji amechukua jina kutoka Thessaloniki, ushuhuda kutoka Chicago, na bei kutoka kichwani mwake.

Kwa hiyo mtu akikuletea "seli shina" za MS, muulize: seli za nani? Zinaingiaje mwilini? Kemo iko wapi? Nitalazwa wodi gani nikiwa sina kinga? Akisema haina madhara yoyote, mwache aende zake. Ile ya kweli ina madhara, na wanakusainisha karatasi kwanza.

Na usije ukasema kwetu hakuna kitu. Muhimbili imeshapandikiza uloto kwa wenye saratani ya damu, na Benjamin Mkapa, Dodoma, kwa watoto wenye selimundu. Wodi hizo zipo, wauguzi wenzangu wako humo. Kwa mwenye MS, ya kwanza ni kufika kwa daktari wa mishipa ya fahamu mapema na kutoacha dawa bila kumuuliza.

Mwalimu wetu yuko hai. Anatembea kwa fimbo, anafundisha darasa la pili akiwa amekaa. Kaka yake tulikutana sokoni mwaka jana. Sikukwepa. Nikamweleza yote haya, mbegu na jembe, nikamwomba msamaha. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Sista, ungeniambia tu kwamba hujui. Ningeenda kumuuliza daktari."

Siku hizi nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui, halafu tunaenda wote kuuliza.

Alhamisi ijayo, Mungu akipenda: maji, chumvi na sukari, yaani historia ya ORS. Usiku mwema.