SIRI HII INAMLINDA NANI? Binti mdogo, mzazi na mpaka wa jimbo katika historia ya Marekani



Ndugu zangu, wazazi na vijana mnaofuatilia ukurasa huu, leo tuna darasa la historia. Ni refu kidogo, kwa hiyo tulia, soma taratibu, usiruke.

Tunao ndugu wengi Marekani. Wapo Columbus, wapo Minneapolis, wapo Boise. Huko kuna swali linalowakosesha wazazi usingizi: binti aliye chini ya miaka 18 akishika mimba, akataka kuvuka kwenda jimbo jingine kuitoa, sheria inasemaje? Je, mzazi ana haki ya kujua? Na siri ya yule binti iko mikononi mwa nani?

Tuelewane mapema. Hukumu ya kutoa mimba katika fiqhi ina darasa lake, na wanazuoni wameifafanua kwa kuangalia umri wa mimba na dharura ya mama. Leo sitoi fatwa. Leo tunasoma namna nchi moja ilivyohangaika kwa miaka hamsini na swali la nani ajue siri ya mtoto. Na wewe unaposoma, shika swali moja tu mkononi: siri hii inamlinda nani?

*1. MTOTO NAYE ANA HAKI*

Zamani mahakama za watoto Marekani ziliendeshwa kama baraza la wazee. Hakimu anaamua, mtoto anasikiliza. Mwaka 1964, huko Arizona, kijana wa miaka 15 alituhumiwa kumpigia simu jirani na kumtolea maneno machafu. Mtu mzima kwa kosa hilo angelipa faini ya dola 5 hadi 50, au afungwe isiyozidi miezi 2. Kijana yule akahukumiwa kupelekwa shule ya kurekebisha tabia, na angeweza kukaa huko mpaka afikishe miaka 21. Mlalamikaji hata hakufika mbele ya hakimu.

Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu. Mwaka 1967 majaji wakasema: mtoto naye ni mtu mbele ya Katiba, ana haki ya wakili na haki ya kusikilizwa ipasavyo. Kesi hiyo haikuhusu mimba hata kidogo. Lakini mlango ulishafunguliwa, na baada ya hapo kila jambo la mtoto likaulizwa upya.

*2. SAINI YA MZAZI NA MLANGO WA JAJI*

Januari 1973 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, ilisema mwanamke ana haki ya kikatiba ya kutoa mimba. Mara moja likazuka swali: na binti wa miaka 15 je?

Jimbo la Missouri likajibu kwamba hapana, mpaka mzazi aridhie. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ikaikataa sheria hiyo, ikisema mzazi hawezi kupewa kura ya turufu kwa kila binti katika kila hali. Massachusetts nayo ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1974. Kesi hiyo iliamuliwa mwaka 1979, na ndiyo iliyoweka utaratibu uliofuatwa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jimbo linaruhusiwa kudai ridhaa ya mzazi, lakini lazima liache mlango wa pili. Mlango huo ni jaji. Binti anakwenda mahakamani bila mzazi kujua. Jaji anaangalia mambo mawili: je, binti huyu ana akili ya kutosha kuamua mwenyewe? Kama hana, je, jambo hili lina maslahi kwake? Na yote hayo yafanyike haraka, bila jina lake kutangazwa.

Zingatia hapa. Majaji walijua kwamba mzazi mwema yupo, na ndiyo maana waliiruhusu saini yake. Walijua pia kwamba kuna nyumba ambamo binti akifungua mdomo anapigwa, na kuna nyumba ambamo aliyempa mimba ndiye anayekaa kichwa cha meza. Kwa hiyo wakaweka milango miwili. Lakini hebu jiulize: mtoto wa miaka 14, hana nauli, hana wakili, yuko katika mji mdogo ambao karani wa mahakama anamfahamu baba yake. Mlango upo. Ataufikiaje?

Minnesota ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ilitaka wazazi wote wawili wataarifiwe na kupita saa 48, hata kama wazazi walishaachana na baba hajaonekana miaka kadhaa. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ilisema sharti hilo la wazazi wawili halisimami peke yake. Linasimama pale tu ambapo mlango wa jaji umeachwa wazi.

*3. MPAKA UNAANZA KUZUNGUMZA*

Marekani kila jimbo lina bunge lake na sheria zake. Unaendesha gari saa moja, sheria imebadilika, na hakuna anayekuuliza pasi wala kitambulisho. Kwa hiyo jimbo moja likikaza, watu wanakwenda la jirani. Sheria ya Massachusetts ilipoanza kutumika mwaka 1981, wasichana wengi wakaanza kuvuka kwenda majimbo ya jirani, na watafiti wakaliandika jambo hilo.

Mwaka 1995 kilitokea kisa kilichofika hadi Washington. Binti wa miaka 13 wa Pennsylvania alishika mimba kwa kijana ambaye tayari ni mtu mzima. Pennsylvania ilidai ridhaa ya mzazi. Mama wa kambo wa yule kijana akamchukua binti, akamvusha mpaka hadi Binghamton, New York, ambako sharti hilo halikuwepo. Mimba ikatolewa. Mama mzazi hakujua lolote, na binti akarudi nyumbani akiwa na matatizo ya kiafya yaliyohitaji matibabu zaidi.

Ndugu yangu, rudi kwenye swali letu. Siri ile ilimlinda nani? Haikumlinda mtoto. Ilimlinda kijana aliyemwingilia mtoto, na kijana huyo alikuja kukiri kosa hilo mahakamani.

Yule mama alikwenda kutoa ushahidi mbele ya Bunge. Mwaka 1998 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kumwadhibu anayemvusha binti mdogo mpaka ili kukwepa sheria ya wazazi. Seneti haikuukamilisha. Mwaka 2005 Baraza likapitisha muswada mwingine wa aina hiyo, na mwaka 2006 Seneti ikapitisha wa kwake, lakini mabaraza mawili hayakukubaliana maneno. Mpaka leo hakuna sheria ya taifa zima kuhusu jambo hili.

*4. MWAKA 2022: KILA JIMBO NA LAKE*

Tarehe 24 Juni 2022, katika kesi ya Dobbs, Mahakama ya Juu ilifuta Roe. Suala zima likarudi kwa majimbo. Jaji Brett Kavanaugh aliandika maoni yake ya pembeni kwamba jimbo haliwezi kumzuia mkazi wake kusafiri kwenda jimbo jingine kwa ajili hiyo, kwa sababu Katiba inalinda haki ya kusafiri. Lakini mtoto hasafiri kama mtu mzima. Hana gari wala hoteli ya kumpokea. Lazima awepo mtu wa kumpeleka, na huyo mtu ndiye sheria mpya zilizomlenga.

Kabla ya hapo, siku chache tu baada ya hukumu ya Dobbs, dunia ilisikia habari ya mtoto wa miaka 10 wa Ohio. Alikuwa amebakwa. Ohio ilikuwa imeanza kuzuia utoaji mimba takriban baada ya wiki 6, na mtoto alikuwa ameshapita hapo. Akapelekwa Indianapolis, jimbo la Indiana. Watu wakubwa wakasema hadharani kwamba habari ni ya kutunga. Haikuwa ya kutunga. Mbakaji alikamatwa, na mwaka 2023 akakiri na kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Daktari aliyemtibu alikuwa amemweleza mwandishi wa habari kisa hicho bila kutaja jina. Mei 2023 bodi ya madaktari ya Indiana ikampa onyo na faini ya dola 3,000, ikisema amevunja faragha ya mgonjwa. Hakunyang'anywa leseni. Wengine walisema amefanya wema kwa kuujulisha umma, wengine wakasema siri ya mgonjwa haikuwa yake kuitoa. Mimi nataka uone hili: mtoto wa miaka 10 aliyeonewa, umri wake, jimbo lake na masaibu yake yakawa hoja ya televisheni nchi nzima. Jina halikutajwa, lakini sitara ilibaki kiasi gani?

*5. IDAHO NA ANAYEENDESHA GARI*

Mwaka 2023 Idaho ikawa jimbo la kwanza kuweka kosa la "usafirishaji haramu" wa aina hii. Mtu mzima akimshawishi, akimhifadhi au akimsafirisha binti aliye chini ya miaka 18 kwenda kutoa mimba huku akikusudia kuwaficha wazazi, anakabiliwa na kifungo cha miaka 2 hadi 5. Majirani wa Idaho ni Oregon, ambako binti wa miaka 15 anaweza kuridhia matibabu mwenyewe, na Washington, ambako umri si kikwazo.

Sheria haimfungi binti. Inamfunga shangazi, bibi, dada mkubwa, mwalimu. Mahakama iliisimamisha Novemba 2023. Desemba 2024 mahakama ya rufaa ikaruhusu kifungu cha kuhifadhi na kusafirisha kitumike, lakini ikazuia kile cha kushawishi, kwa sababu kuzungumza na kushauri ni uhuru wa maneno. Mwaka 2024 Tennessee nayo ilitunga sheria yake ya namna hii, na nayo ikaishia mahakamani.

Wanaoiunga mkono wanakumbuka Pennsylvania 1995. Wanaoipinga wanamkumbuka binti ambaye hatari iko ndani ya nyumba yake, na bibi yake ndiye kimbilio pekee alilonalo. Ndugu zangu, mabinti wote wawili ni wa kweli. Sheria inayomwona mmoja tu itamuumiza mwingine.

*6. SIMU, BIMA NA KARATASI YA HOSPITALI*

Kuna siri nyingine haihitaji mpaka wala gari. Mwaka 2022 huko Nebraska polisi walipeleka hati ya mahakama kwa kampuni ya Facebook, wakapewa mazungumzo ya faragha kati ya mama na binti yake wa miaka 17 kuhusu dawa za kutoa mimba. Mimba ilikuwa imeshapita wiki 20 zilizoruhusiwa na jimbo hilo. Mwaka 2023 mama alihukumiwa miaka 2 jela, na binti siku 90 kwa kuficha mabaki. Hapa mzazi alijua kila kitu. Aliyewatoa ni maandishi yao wenyewe.

Na hospitali je? Kwa kanuni za taifa, mzazi kwa kawaida ndiye mwakilishi wa mtoto na anaweza kuona faili lake. Pale ambapo sheria ya jimbo inamruhusu mtoto kuridhia matibabu mwenyewe, mambo hubadilika, na sheria ya jimbo ndiyo inayoamua. Mwaka 2024 serikali iliongeza kanuni ya kulinda zaidi taarifa za uzazi zisitumike katika uchunguzi, lakini Juni 2025 jaji wa shirikisho huko Texas akaifuta. Halafu kuna jambo dogo ambalo watu husahau: ukitumia bima ya baba, maelezo ya malipo yanaweza kutumwa nyumbani kwa baba.

*7. TUNACHUKUA NINI?*

Kwanza, sheria hizi zinabadilika kila mwaka. Aliyeko huko asitegemee maneno ya kijiweni wala posti kama hii. Aende kwa wakili wa jimbo lake.

Pili, tofautisha malezi na upelelezi. Katika Surat al-Hujurat, aya ya 12, tumekatazwa kupelelezana. Kumlea binti ni kumfanya aje mwenyewe kukwambia. Kumpekua simu usiku ni jambo jingine kabisa.

Tatu, sitara ni ya mwenye kuonewa, si ngao ya mwenye kuonea. Mtoto akishika mimba kwa mtu mzima, usilifunike jambo ati kulinda jina la ukoo. Ripoti kwa vyombo vya sheria, na ulinde jina la mtoto. Hayo mawili yanakwenda pamoja.

Nne, na hili ndilo kubwa. Miaka hamsini ya mahakama, mabunge na mipaka imejaribu kujibu nani aambiwe. Hakuna hakimu aliyeweza kuandika hukumu ya kumfanya binti amwamini mama yake. Hilo linaandikwa nyumbani, miaka mingi kabla ya siku ya shida, kwa namna unavyompokea anapokuja na kosa dogo. Ukimpiga kwa sahani iliyovunjika, atakuletea vipi habari ya tumbo?

Usiku huu muulize binti yako habari za siku yake. Kisha nyamaza, msikilize.

Allah awahifadhi watoto wetu na azifanye nyumba zetu kuwa mahali pa amani. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.