Nati Yenye Kutu: Historia Upande wa Spana



Newtown ya leo ni maghorofa na barabara pana. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mitaa hii ya Summer Lane ilijaa nyumba zilizobanana na karakana ndogo. Baada ya vita jiji likabomoa na kujenga upya. Jirani, katika mtaa wa Bracebridge, Norton walitengeneza pikipiki hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Historia ya Birmingham huwasifu waliounda vyuma. Sisi tunauliza: nani alivifungua vilipopata kutu?

Swali hili linafika hadi kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1854, Joseph Chamberlain, kijana wa miaka 18, alikuja Birmingham kufanya kazi katika kampuni ya kutengeneza parafujo ambayo baba yake alikuwa ametia fedha. Akawa meya mwaka 1873, na mwaka 1895 Waziri wa Makoloni. Desemba 1902, akiwa safarini kwenda Afrika Kusini, alishuka Mombasa akapanda treni ya Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa mwaka 1896 na kufika Ziwa Victoria mwaka 1901. Mnara wa saa wa Chuo Kikuu cha Birmingham una jina lake. Fundi aliyelegeza bolti za reli ile hakujengewa mnara.

Kazi yake haikuwa ndogo. Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hujaa kati ya nyuzi za nati na za bolti, ikazibana. Ukivuta kwa nguvu tu, nati hukataa, na bolti husokotwa mpaka ikatike. Spea ikitoka ng'ambo kwa meli, bolti moja iliyokatika ni mashine iliyosimama.

Tena si kila bolti huingia kila nati. Zamani kila karakana ilikata nyuzi zake. Mwaka 1841 Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja, nyuzi zenye pembe ya digrii 55. Bolti za milimita za leo zina digrii 60. Spana inayokaribia tu kutosha huteleza na kula pembe za nati, na hapo kazi huwa ngumu maradufu.

Ndiyo maana fundi mzuri haanzi na nguvu. Husugua kutu kwa brashi ya waya, hutia mafuta mepesi, kisha huacha yapenye, hata usiku kucha. Hugonga nati kidogo kwa nyundo ili kutu ipasuke. Huchagua spana ya kipimo chake, ile inayoizunguka nati yote. Kisha huikaza kidogo kwanza, ndipo huilegeza. Ikisogea robo mzunguko, huirudisha, huongeza mafuta, huendelea. Ikikataa kabisa, hufuta mafuta yote na kupasha moto nati yenyewe, si bolti, ili nati itanuke. Mafuta yakibaki, moto utayawasha.

Lugha yetu imeihifadhi historia hii. Parafujo tulilipata kwa Wareno. Nati, bolti na spana kwa Waingereza. Majina ya vyuma yalikuja na meli. Lakini vitenzi tulikuwa navyo nyumbani: kukaza, kulegeza, kugonga, kungoja.

Katika familia zetu, hapa Newtown na kule nyumbani, wamo wazee walioshika spana maisha yao yote: gereji, bandarini, relini. Wanachojua kiko mikononi, na mikono inazeeka. Tuwaombe watufundishe nati moja moja, na tuandike kwa Kiswahili wanachotuambia, wangali nasi.